Ukame 15, maporomoko 5: kwa nini jedwali la hatari linapotosha wadi za milimani

SWALI: Mimi ni msimamizi wa wadi katika Kaunti ya Pokot Magharibi. Tumetakiwa kutathmini hatari za majanga kwa alama 1 hadi 5, uwezekano mara madhara. Ukame umepata 15, maporomoko ya ardhi 5, yakawa ya mwisho. Wazee wamelikataa jedwali. Tumekosea wapi? Hatuna mwanajiolojia, tuna simu na kompyuta moja.

JIBU: Hesabu yenu ni sahihi, ila jedwali halifai kazi hii. Ukame hurudi mara kwa mara na kugusa karibu kila boma, ndiyo maana mmepata 5 × 3. Maporomoko ni nadra, basi 1 × 5. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko yaliua zaidi ya watu 50 katika kaunti yenu. Hasara ya mifugo na vifo vya usiku mmoja havipimwi kwa mizani moja. Tengenezeni orodha mbili: moja ya riziki, ambako alama zenu zinatosha, na nyingine ya mahali ambapo watu wanaweza kufa kwa pamoja. Hii ya pili haihitaji alama. Inahitaji ramani.

Na neno "nadra" lisiwalaze. Tukio la wastani wa mara 1 kwa miaka 50 lina uwezekano wa asilimia 45 hivi wa kutokea angalau mara moja ndani ya miaka 30.

Pakueni data ya mwinuko ya SRTM (vipimo vya kimo cha ardhi vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani) ya mita 30, muifungue kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta (zote ni za bure), kisha mkokotoe mteremko na kutia alama panapozidi digrii 20. Pikseli moja, yaani mraba mmoja wa data hiyo, ni wastani wa mita 30 kwa 30, kwa hiyo ukingo wa barabara uliochongwa wima hautaonekana kabisa. Huo kaupimeni kwa miguu. Tumia programu ya simu ya kupima mteremko: laza simu juu ya ubao ulionyooka wa mita 1, si juu ya udongo wenyewe, maana kokoto moja chini ya simu hubadilisha kipimo kwa digrii kadhaa.

Kosa kubwa huja baada ya hapo: kamati hupaka mlima rangi nyekundu na kuacha mdomo wa korongo ukiwa mweupe, kwa kuwa ni tambarare. Tope lenye mawe hufuata korongo na huanza kutua mteremko ukishuka chini ya digrii 10 hivi, palepale penye duka, shule na maji ya karibu. Chunguzeni ukingo uliokatwa na kijito. Mkikuta mawe ya kila ukubwa yamechanganyika ndani ya udongo bila matabaka, tope limewahi kufika hapo. Kokoto za mviringo zilizopangika kwa matabaka ni kazi ya mto wa kawaida. Waulizeni wazee kwa kutumia miaka wanayoikumbuka, kama mafuriko ya 1961 na El Niño ya 1997, na wanawake muwahoji peke yao. Wanaoteka maji ndio hujua chemchemi ipi hubadilika rangi.

Watu wahesabiwe wanapolala. Shule ya kutwa ni tupu usiku, ya bweni imejaa.

Msichukue kiwango cha mvua cha nchi nyingine kuwa kengele yenu. Wekeni kipimamvua mbali na miti na paa, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Andikeni pia jumla ya siku tatu, pamoja na kila ufa mpya shambani au mti ulioanza kuinama. Kwa sasa hameni kwa dalili. Kijito kikipungua ghafla huku mvua ikiendelea, huenda kimezibwa huko juu: watu watoke mara moja kwa kupanda kando, wasishuke kufuata korongo.