Mashine Inasoma 5, Mgonjwa Hapati Kitu

Wadogo zetu mnaoanza kazi ya oksijeni wodini hapa Dodoma, msiiamini peke yake namba ya flomita, kile kipimo cha oksijeni inayotoka. Kigololi chake kinaweza kusimama kwenye lita 5 kwa dakika (soma katikati ya kigololi, si juu yake) na puani isifike hata lita 1. Mara nyingi oksijeni inapotelea kwenye kifuniko, kilichofungwa upande, cha chupa ya maji inayolowesha oksijeni kabla ya kufika puani.

Kabla hujamvalisha mgonjwa, bana mrija kwa vidole sekunde chache, karibu na pua. Kigololi kikishuka, njia ni nzima. Kisiposhuka, na chupa iko kimya, kuna panapovuja: fungua kifuniko, angalia mpira wake, funga upya. Chupa nyingine hupiga filimbi ukibana. Hiyo ni valvu yake ya usalama, usiikaze. Ni dalili kwamba hapavuji.

Chupa hiyo iwekewe maji yaliyotoneshwa, yabadilishwe kila siku. Maji yetu ya bomba yana chumvi. Kuyachemsha huua vijidudu lakini chumvi inabaki, na ikigandia kwenye tundu dogo la chini, mapovu yanapungua.

Kiangazi adui ni vumbi. Chujio la sponji la konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani) lioshwe kwa maji na sabuni angalau mara moja kwa wiki, na upepo ukivuma sana, mara mbili au zaidi. Usilirudishe likiwa bichi. Kuwe na la akiba. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, isifunikwe na pazia.

Umeme hukatika, kwa hiyo jua mtungi utadumu saa ngapi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitumika lita 5 kwa dakika ni dakika 1,360, kama saa 22 na nusu. Geji ikiwa nusu, gawa kwa mbili. Na tafadhali sana: usipake grisi wala mafuta kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi. Oksijeni na mafuta huwaka moto.

Barakoa ya kawaida ya oksijeni haishuki chini ya lita 5, la sivyo mgonjwa anavuta tena hewa aliyoitoa. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu lengo lake la oksijeni kwenye damu ni asilimia 88 hadi 92, si 99. Oksimita (kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu) ikikuletea 78 kwa mtu anayeongea vizuri, shika mkono wake kwanza: usiku wa Julai vidole huwa baridi, na kina mama wengi wana piko kwenye kucha. Pasha kidole moto au hamishia kingine, kisha hesabu mapigo mwenyewe. Yakitofautiana na ya kwenye kioo, hiyo 78 bado si ya kuandika kwenye faili.