Kope zinaanguka jioni, mbona wanataka kutoa tezi ya kifuani?

SWALI: Shikamoo dokta. Dada yangu ana miaka 29, tangu mwaka jana akiamka asubuhi yuko fresh kabisa ila ikifika jioni kope zinaanguka, anaona vitu viwili viwili, nyama anatafuna kidogo tu taya zimechoka anaiweka pembeni, na akiongea sana na simu sauti inatokea puani. Nyumbani walisema karogwa, tukazunguka weee. Sasa amepimwa damu wakasema ni mayastenia, alafu CT skani imeonyesha tezi ya kifuani imekuwa kubwa, wanataka waitoe. Kifua na macho wapi na wapi? Na jirani anauza unga wa kuongeza kinga, tumpe?
Mdogo mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni kwa kuzunguka. Mayastenia ni ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, na asubuhi unajificha, ndo maana hata daktari akimuona mapema anaweza asione kitu. Siku kope zikiwa chini funga barafu kwenye kitambaa, mwekee juu ya jicho lililofumbwa dakika 2 hivi alafu afumbue: mara nyingi kope inapanda. Madaktari wenyewe wanakitumia hicho kipimo, uchawi hauogopi barafu.

Hiyo tezi inaitwa thaimasi, iko nyuma ya mfupa wa kidari. Utotoni ni kubwa, ukishabalehe inasinyaa na kugeuka mafuta, na kwa muda mrefu wengi waliiona haina kazi mpaka 1961 Jacques Miller alipoonyesha kwa panya kwamba kinga bila hiyo haijengeki. Ichukulie kama depo la askari. Chembe nyeupe changa zinatoka kwenye uboho zinakuja hapo kufundishwa kumjua adui, na kuruta anayeonekana atapiga raia wa kwao anamalizwa hapohapo, ukijumlisha na waliofeli mambo mengine zaidi ya 9 kati ya 10 hawatoki wazima.

Sasa kwa wengi walio kama dada yako depo limegeuka kijiwe. Ndani ya thaimasi kuna seli chache zinazofanana na za misuli, zina vile vipokezi ambavyo msuli unatumia kupokea amri kutoka kwenye neva, na chembe za kutengeneza kingamwili, ambazo kwa kawaida ungezikuta kwa wingi kwenye tezi za limfu au wengu, zinakuja kupiga kambi humo na kutengeneza kingamwili za kushambulia hivyo vipokezi, alafu hizo zinaingia kwenye damu na damu inafika kila kona, mpaka kwenye kope. Hapo ndo kifua na macho vinapokutana.

Kwa hiyo huo unga acheni. Kinga ya dada yako haijapungua hata kidogo, inapiga watu wake, sasa unaiongezea nguvu ili iweje?

Kutoa thaimasi siyo jambo jipya, Alfred Blalock alishaitoa kwa mgonjwa wa mayastenia Marekani mwaka 1936, ila ubishi uliendelea miaka mingi mpaka 2016 ulipotoka utafiti wa wagonjwa 126 waliofuatiliwa miaka 3: waliopasuliwa na kupewa prednisone, vidonge vya kutuliza kinga, walikuwa na nguvu zaidi na dozi yao ilikuwa ndogo kuliko waliopewa vidonge peke yake. Pia tezi ikiwa kubwa wanataka kujua kama siyo uvimbe wa kansa, hilo muulizeni daktari mpasuaji wazi wazi. Asitegemee kutoka wodini mzima, nafuu inakuja kwa miezi, wengine mwaka na zaidi.

Kitu kinachonitisha mimi ni malaria kuliko hata hiyo opresheni. Kwinini inaweza kumzidishia udhaifu ghafla, vilevile antibiotiki za jenta (gentamicin) na sipro (ciprofloxacin) na sindano ya magnesia, kwa hiyo popote anapotibiwa, hata duka la dawa la mtaani, aanze kwa kusema ana mayastenia. Akishindwa kumeza au akipumua kwa shida msisubiri kukuche, kimbizeni hospitali usiku huohuo.

Na ile nyama, kama wamemwandikia pyridostigmine, dawa ya kusaidia amri ya neva ifike kwenye msuli, amuulize daktari kama anaweza kuimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, maana ndo inapoanza kushika. Wengi wanaimeza baada ya chakula kama panadol, alafu wanashangaa mbona taya bado zinachoka.