Mkitaka kujenga mazoea pamoja, anzeni na siku ya kukosa

Makundi mengi ya marafiki wanaokubaliana kuamka mapema, kusoma au kufanya mazoezi hayavunjiki kwa ugomvi, yanakauka. Wiki ya kwanza ujumbe unamiminika. Wiki ya tatu mmoja anakosa siku mbili, anaona haya kusema, ananyamaza. Wa pili naye ananyamaza kwa kuwa wa kwanza kanyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kupanga mtafanya nini, pangeni mtu akikosa itakuwaje. Aliyekosa aandike neno moja, "sijafanya", na siku hiyo asiulizwe kwa nini. Zikifika siku mbili mfululizo, mtu mliyemteua tangu mwanzo ampigie simu faraghani. Kumsema kundini mbele ya wote ndiko kunakomfukuza. Siku moja ikipita hakijaharibika kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 na hawakuona kwamba kukosa mara moja kunavuruga zoea linalojengwa. Ile imani kwamba zoea hujengeka kwa siku 21 nayo iacheni: kwa makadirio yao, kufikia hatua ya kutenda bila kujisukuma kulichukua siku 66 hivi, wengine 18, wengine 254. Mwenzako anaweza kuzoea mwezi wa kwanza na wewe ukawa bado unajikokota mwezi wa tano, na kati yenu hakuna mvivu. Jipeni miezi mitatu kwanza.

Faini ndiyo wazo la kwanza la karibu kila kundi, na ni baya. Huko Haifa, Israel, vituo vya kulelea watoto viliwahi kuwatoza wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Wachelewaji wakaongezeka, na faini ilipofutwa hawakupungua. Mtu akishalipia kosa, haoni tena kuwa ana deni kwa wenzake.

Idadi inayofaa ni watu 3 hadi 5. Wakifika kumi, kila mmoja hudhani kutokuwapo kwake hakutaonekana, na mara nyingi hudhani sawa.

Si lazima wote mfanye jambo moja. Kinachotakiwa kufanana ni saa ya kuripoti na ukubwa wa kazi: zoea moja kwa kila mtu, liwe dogo kiasi cha kumalizika kwa dakika 5 hata siku mbaya kabisa. Anayetaka kukimbia kilomita tano aandikishe kuvaa viatu na kutembea dakika tano. Ziada ni hiari yake na haihesabiwi. Kisha kila mmoja aandike sentensi yenye tukio, kitendo na mahali: "Nikimaliza kupiga mswaki asubuhi, nitakaa mezani nisome kurasa mbili." Angalieni hilo tukio. "Baada ya kazi" halifai, maana kazi haiishi saa ileile kila siku, na "nikipata nafasi" ndiyo namna ya heshima ya kusema sitafanya.

Ripoti iwe ya jioni, kabla ya saa 3 usiku, kwa maneno mawili: "kurasa 2". Msiidai kwa picha. Baada ya muda mtu hufanya kwa ajili ya kamera. Fungueni kundi la pekee kwa ripoti, kwani zikichanganyika na utani na salamu, aliyenyamaza hatambuliki.

Katika jedwali lenu hesabuni siku zilizofanyika kati ya 14, si siku mfululizo. Aliyefikisha 30 bila kukatika, siku ya 31 ikimponyoka huona amerudi sifuri na hujiondoa, ilhali mwenye 11 kati ya 14 anajua bado yumo. Akishuka chini ya 8, mpunguzieni kazi au mbadilishieni tukio kabla ya kuanza kumhimiza. Na anayetarajia safari aandike mapema atakachofanya akiwa njiani, hata kama ni ukurasa mmoja.