Ndege ya Cessna 206 inayozimika ikitua Malindi: msinunue servo, angalieni hewa kwanza

Ndugu ulouliza, nimekusoma. 206 yenu yenye injini ya Lycoming imetoka servisi uwanja wa Wilson, Nairobi, huko ilikuwa safi, ikifika Malindi ukitua ukirudisha throtoli nyuma inakohoa halafu inazima katikati ya ranwei, na fundi kashawaambia servo ya mafuta, kile kifaa kinachoipa injini mafuta kwa kipimo, imekufa mtafute nyingine. Subirini kwanza, msitoe pesa.

Kazi hii nimejifunza hapa hapa Malindi kwa mzee mmoja sote tukimuita Ami, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba ile servo wewe waiona yagawa mafuta lakini kazi yake hasa ni kupima hewa. Hewa inapita kwenye koo jembamba, venturi, pale inakimbia zaidi na presha yake inashuka. Ndani kuna dayaframu, yaani kiwambo chembamba kinachopinda, upande mmoja inasukumwa na presha ya hewa inayoingia, upande wa pili na ile presha iloshuka ya kwenye koo, tofauti ya hizo mbili ndiyo inayovuta kijifimbo kifungue valvu ya mafuta, na upande wa mafuta kuna dayaframu nyengine inavuta kinyume, basi zinavutana kamba mpaka zinalingana na mafuta yanatoka kwa kadiri ya hewa ilopita. Mwendo mkubwa mambo haya yanaenda vizuri sana.

Tabu iko chini. Throtoli ikifungwa hewa inayopita ni kidogo mno, dayaframu haina nguvu ya kuvuta chochote, kwa hivyo wamewekea springi ndogo ya kusaidia, na kivalvu kinachoendeshwa na wenzo wa throtoli wenyewe. Yaani kwenye raundi ya chini, injini ikizunguka polepole throtoli imefungwa, mafuta yanafuata pale mtu alipoweka kwa mkono wake. Na alowaekea aliwaekea wapi? Wilson, futi 5,500 na kitu juu ya bahari, hewa kule nyepesi. Malindi mko karibu sawa na maji, hewa nzito, kwa throtoli ile ile injini inavuta hewa zaidi na mafuta ni yale yale ya Nairobi. Ina njaa tu jamani, si ugonjwa.

Ila usinishike kwa maneno, pima. Injini ipate moto kamili, ipandishe raundi 2,000 hivi kidogo isafishe plagi, irudishe chini kwenye 600 au 700, kisha vuta mikscha, ule wenzo wa kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko, polepole kama unaizima, macho kwenye sindano ya raundi. Sindano ikipanda kidogo kabla ya kuanguka ni sawa. Ikipanda zaidi ya raundi 50, mafuta yamezidi. Ikianguka moja kwa moja bila kupanda hata kidogo, mafuta yamepungua, na nahisi yenu itaanguka. Rudisha mikscha mbele kabla haijazima, na watu wakae mbali na propela, hilo sirudii.

Lakini hata ikianguka usikimbilie kile kigurudumu cha kurekebisha! Hapa Ami alinipiga kofi la mkono siku moja nilipoingia na bisibisi kabla ya kuangalia mabomba ya hewa. Gasketi ikivuja au mpira wa bomba umepasuka (na chumvi ya hapa Pwani haina huruma na mipira) hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye koo, servo haijui, na dalili ni hizo hizo, mbaya zaidi kwenye raundi ya chini kwa sababu hapo throtoli imefungwa na injini inavuta kwa nguvu zaidi nyuma yake. Ukifunika uvujaji kwa kuongeza mafuta umejificha tu.

Na msidanganywe na geji pia. Kuna siku tulivuka kwa boti kutoka Lamu kwenda Manda na begi la spana, rubani analia injini inatetemeka ikipanda na geji yaonyesha inakunywa mafuta kupita kiasi, yeye kashaamua servo inamwaga. Ami akacheka. Kwenye ndege nyingi geji ile haihesabu mafuta, inapima presha pale juu kwenye kigawanyio kinachopeleka mafuta kwa kila silenda. Nozeli moja, kile kinyunyizi cha mafuta cha silenda, ikiziba presha inapanda, geji inasema mengi, kumbe silenda moja inakufa njaa. Tukafungua nozeli zote sita tukaziunga kwenye vibomba vyake, kila moja ikachungulia chupa yake ya jemu, chupa za saizi moja, tukawasha pampu ya umeme kidogo. Chupa tano zikalingana, ya sita iko nusu. Mchezo ukaishia hapo. Nozeli husafishwa kwa dawa, msichokore na waya hata kama ni mwembamba kama unywele, mkikwaruza kile kitundu mmeiharibu. Na mkizirudisha, kitundu cha hewa kiangalie juu.

Wenye ndege za Caravan najua mtaniuliza. Injini yake ya tabaini, PT6, ni dunia nyengine, haina mikscha, kipimaji chake kinasikiliza presha ya hewa inayotoka kwenye kompresa, kibomba kile kikivuja injini yashuka nguvu yenyewe. Hiyo ngojeni siku yake.

Tukirudi kwenu, kinachoruhusiwa kuguswa uwanjani ni vitu viwili tu, raundi ya chini na mchanganyiko wa raundi ya chini. Yaliyobaki yamefungwa kwa sili, ni ya kwenye benchi. Mwenye leseni ageuze kidogo, apandishe injini isafike, apime tena, aweke sahihi kwenye logi, daftari la ndege, na aandike kwamba imewekwa Malindi. Asisahau hilo la mahali, maana ndege ikirudi Wilson mafuta yatakuwa yamezidi, plagi zitaanza kupiga weusi na huko pia kuna mtu atawaambia servo imekufa.

Hebu ipime kesho asubuhi halafu niambie sindano ilifanya nini.