Maswali yenu: vinanda kumi, wimbo mmoja wa Krismasi

Krismasi inakaribia na maswali yamekuwa mengi. Leo nimechagua ya walimu wenye chumba cha vinanda wanaotaka darasa zima lipige pamoja.

Shikamoo mwalimu. Tuna vinanda kumi na hedifoni zake. Nikimsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja, "Usiku Mtakatifu" anaupiga vizuri. Tukivua hedifoni ni vurugu tupu. Tunakosea wapi? (Mwalimu, Moshi)

Marahaba. Mnakosea hapo hapo kwenye hedifoni. Umefundisha watoto kumi kupiga wimbo, kila mtu na wake. Kupiga pamoja bado hujawafundisha. Hedifoni ni za kutafutia vidole, dakika chache za mwanzo wa kipindi. Baada ya hapo zichomoe, na kila mmoja apunguze sauti mpaka amsikie jirani.

Kabla hawajagusa kinanda, waimbe huku wakipiga makofi, mapigo sita kwa kila kipimo. Angalia mwanzo wenyewe kwa herufi za solfa (d ni do, m ni mi, f ni fa, s ni so, l ni la): s l s m. Ile s ya kwanza ina pigo moja na nusu, l nusu pigo, s ya pili pigo moja, m matatu. Wapo watakaozilinganisha s, l, s, na wapo watakaoivuta ya kwanza kupita kiasi. Wakikutana, ndiyo hiyo vurugu yako.

Halafu, kwa nini wote kumi wapige sauti ya kwanza? Gawa soprano, alto, tenor na besi, kila mtoto mkono mmoja. Yule anayesuasua mpe besi, ambayo kwa wimbo huu inatosheka na noti tatu, moja kwa kila kipimo: d, d, s, d, f, d, f, d, s, d. Kipimo cha kumi na moja agawe d na s nusu kwa nusu, kisha afunge na d. Huyo ndiye atakayewashika wenzake wote, na akishalijua hilo utamwona anavyokaa wima kwenye kiti.

Na tafadhali, acheni kuwapa watoto video za taa zinazoshuka juu ya vitufe. Zinazoesha macho kufuata taa, na masikio hayafanyi kazi yoyote.

Tuweke ridhimu gani ya kinanda kwenye nyimbo za Noeli ili zichangamke? (Kiongozi wa kwaya, Mwanza)

Zimeni. "Usiku Mtakatifu" ulipoimbwa mara ya kwanza kule Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, ulisindikizwa na gitaa moja tu. Mtoto anayefuata ridhimu ya mashine hajui kuhesabu, na umeme ukikatika utamwona.

Waimbaji wanalalamika wimbo uko juu. Si tubonyeze transpozi tu, kile kitufe kinachohamisha sauti zote juu au chini? (Wengi mno)

Swali hili nimelijibu kila mwaka, na kila mwaka linarudi. Hapana! Kwenye vinanda kumi atakuwepo mmoja aliyesahau kubonyeza, na mbele ya waumini hamtajua ni nani. Ukianzia do kwenye C, wimbo huu unapanda hadi F ya juu. Ushusheni hadi B♭, kilele kitakuwa E♭. Watoto wanaosoma solfa wanajua kwamba d inahama, basi wahamishe vidole. Mpiga kinanda wa kanisa anayejua vitufe vyeupe peke yake ni wa kusikitikiwa, nao wamejaa tele.

Hedifoni za Bluetooth zinafaa? (Mzazi, Nairobi)

Hapana. Sauti inachelewa kufika sikioni. Nunua za waya.

Kwetu wanafunzi wengi ni Waislamu na tungependa kupiga kitu cha Idi. Vinanda vyetu vinaweza mahadhi ya taarabu? (Mwalimu, Unguja)

Asante kwa swali hili, maana walimu wengi hudhani sikukuu ni Desemba tu. Kwanza ongea na wazazi. Zipo familia zisizotaka ala katika kaswida, na hilo liheshimiwe bila mabishano.

Mkikubaliana, kumbukeni kwamba maqam (ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu) ya Rast ikianzia C ina E na B zilizoshuka robo toni, na kinanda cha kawaida hakina noti hizo. Vingine vina sehemu ya kurekebisha noti moja moja: shusheni E na B senti 50, yaani hiyo robo toni. Fanyeni hivyo kwenye vinanda vyote, mhakikishe kimoja kimoja kwa sikio, kwa sababu E mbili zilizopishana robo toni zinakera kuliko kosa la kidole. Kama vyenu haviwezi, chagueni wimbo wa maqam isiyo na robo toni, Nahawand kwa mfano. Kumwachia mpiga fidla robo toni huku vinanda vikishikilia E ya kawaida ni kuharibu vyote viwili. Na mkiwa Mji Mkongwe, pale Dhow Countries Music Academy wanafundisha taarabu. Nendeni mkasikilize kwanza.

Tuanze mazoezi lini? (Mwalimu wa Sunday School, Dodoma)

Oktoba. Kama mnaanza Desemba, pigeni wimbo mmoja tu, sauti mbili, na msikubali kuongezewa wa pili hata mchungaji akiomba.