Kwa mnaoanza kliniki ya meno: tazama meno yakikutana

Mgonjwa akishakaa kwenye kiti, neno la kwanza la wengi wenu ni "fungua mdomo". Mnahesabu matobo, mnaangalia ukoga, mnajaza kadi. Yote ni kazi ya lazima, ila kuuma kubaya, yaani meno ya juu na ya chini kutokutana ipasavyo, hakuonekani mdomo ukiwa wazi. Lazima uyaone meno yakikutana.

Mtoto akiambiwa "uma" tu, mara nyingi husukuma taya la chini mbele ili meno ya mbele yagusane, nawe unaandika tatizo ambalo hana. Mwambie akunje ncha ya ulimi kuelekea nyuma ya kaakaa, ameze mate, kisha afunge polepole kwa magego. Hapo vuta shavu kwa kioo uchungulie pembeni.

Tafuta gego la kwanza la kudumu, lile linaloota kwenye miaka 6 nyuma ya magego ya utoto. Daktari wa meno Edward Angle wa Marekani alilitumia mwaka 1899 kupanga madaraja matatu ya namna meno yanavyokutana, na hadi leo ndiyo lugha yetu. Kilele cha mbele cha gego la juu, upande wa shavu, kikitua kwenye mfereji wa gego la chini, hilo ni daraja la kwanza, hata kama meno ya mbele yamebanana na kupandana. Gego la chini likirudi nyuma ya hapo ni daraja la pili. Likitangulia ni la tatu.

Halafu njoo mbele na rula. Meno ya juu kutangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 3 ni kawaida. Yakitokeza sana na midomo haifungi, mtoto akianguka uwanjani yanayopokea kishindo ni meno hayo. Wazazi hudhani tunazungumzia sura, kwa hiyo waeleze habari ya jino kuvunjika. Waeleze pia kuhusu mtoto ambaye meno yake ya chini yanachoma ufizi wa kaakaa kila anapofunga mdomo, au mnyonya kidole ambaye meno ya mbele hayagusani kabisa na chapati anaikata kwa magego. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele, kama mwenyewe anaupenda na hauna madhara, muacheni nao. Kwetu ni urembo.

Kuna hali moja ambayo nawaomba msiipitie haraka. Mtoto wa miaka 7 au 8 anafunga mdomo, gego moja linagusa kwanza, kisha taya la chini linateleza kwenda upande ili meno mengine yapate pa kukutana. Utaona mstari wa katikati wa meno ya chini umehama, na upande mmoja magego ya juu yamekaa ndani ya yale ya chini. Kaakaa ni jembamba, kwa hiyo taya linatafuta njia ya pembeni. Akiachwa hivyo anakua huku taya limeegemea upande mmoja, na uso unaweza kukua bila kulingana. Umri huo kaakaa bado hupanuka kwa kifaa rahisi. Kwa mtu mzima huenda ikahitajika upasuaji.

Kwenye miaka 9 hadi 10 papasa ufizi juu ya chonge za utoto. Usipohisi uvimbe wa chonge za kudumu, agiza picha ya eksirei. Ulizeni pia kama mtoto aling'olewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga, yaani vichipukizi vya meno ambavyo baadhi ya watu hudhani vinaleta homa na kuharisha, maana kitendo hicho huharibu vichipukizi vya chonge. Na msiwe wepesi wa kung'oa magego ya utoto yanayoweza kuzibwa. Gego la utoto likitolewa mapema, gego la kudumu linasogea mbele na kula nafasi ya mwenzake.

Kabla ya kutaja waya za kunyoosha meno, meno yaliyotoboka yatibiwe na mtoto awe anapiga mswaki vizuri. Mzazi ajue mapema kwamba matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, pengine zaidi, na waya zikishatoka kuna kifaa cha kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka.

Kwenye barua ya rufaa msiandike "meno yamepinda" pekee. Andikeni umri, daraja la magego kulia na kushoto, milimita za mbele, na kama taya linateleza, linaelekea upande gani.