Ukoko mweupe kwenye majaruba

SWALI: Ndugu Mhariri, majaruba yangu ya mpunga huacha ukoko mweupe kila yakikauka, na vitunguu ninavyopanda baada ya mavuno huungua ncha za majani. Je, niongeze maji ili kuiosha chumvi hiyo?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Ndugu msomaji, kuongeza maji pasipo mtaro wa kuyatoa huzidisha tatizo. Maji ya mto, hata yakiwa matamu kinywani, hubeba chumvi kidogo iliyoyeyuka. Jua huyakausha na kuiacha chumvi, na umwagiliaji wa kupita kiasi unapoyainua maji ya chini ya ardhi, udongo huyavuta juu kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Chimba shimo la mita moja na nusu: ukiyakuta maji humo, anza na mtaro, kisha ndipo uoshe.

Hata hivyo, maji ya kuoshea hurudi mto Ruaha Mkuu yakiwa na chumvi zaidi, na jirani wa chini huyamwagilia tena, jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulikumbuka. Kwa hiyo punguza kwanza maji yanayoingia: sawazisha jaruba, ziba mivujo ya mfereji, na ufunge lango shamba likishatosheka. Vitunguu huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi takriban desisimensi 1.2 kwa mita (kipimo cha chumvi ya udongo), ilhali mpunga huvumilia hadi 3.

Udongo ukiwa wa magadi, mgumu ukikauka na wenye kuteleza ukilowa, huhitaji jasi (madini ya kalsiamu na salfa) pia; upimishe maabara kabla ya kuinunua.